Kufunga Mfereji Mmoja

Kwa watu wa rika langu kuna mambo yasiyozungumzwi mezani, na la kwanza kati ya hayo ni choo. Nimefundisha somo la afya kwa miaka mingi. Nimechora utumbo ubaoni kwa chaki za rangi mbele ya watoto wa darasa la sita bila kuona haya. Lakini siku nilipoona damu katika choo changu mwenyewe, hapa Sakina, mwezi Juni mwaka 2022, nilimwaga maji mara tatu, nikanawa mikono, nikaenda kunywa chai. Mama watoto akaniuliza mbona nimepauka. Nikamwambia ni baridi. Mwezi Juni huku kwetu, mlima ukiwa umejifunika mawingu tangu asubuhi hadi jioni, baridi ni kisingizio ambacho hakuna awezaye kukipinga.

Nilificha kwa siku mbili. Siku ya tatu damu ilikataa kufichwa. Niliamka alfajiri, tumbo likinguruma bila maumivu yoyote, nikaenda msalani, na kilichotoka kilikuwa damu tupu, nyekundu iliyokolea, yenye mabonge. Niliposimama ukuta uliinama. Mama watoto alinikuta nimekaa sakafuni nimeegemea ndoo. Kijana wa jirani mwenye Noah alitoa gari lake, tukashika barabara ya Nairobi kuelekea mjini, mimi nikiwa nimelazwa kiti cha nyuma juu ya kanga mbili na kipande cha turubai. Simlaumu kwa lile turubai. Viti vyake vilikuwa vipya.

Hospitalini walinipokea vizuri, wakanitundikia maji, kisha chupa tatu za damu. Daktari aliuliza swali ambalo sikulitegemea: mzee, unatumia dawa gani nyumbani? Nikamtajia diklofenaki, ambayo nilikuwa nikijinunulia duka la dawa kwa ajili ya magoti kwa muda wa miaka kama minne, na aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo. Akatikisa kichwa. Akasema dawa hizo mbili hulegeza uwezo wa damu kuganda na kuudhoofisha utando wa tumbo na utumbo, na mtu wa umri wangu anayezimeza pamoja anacheza na moto. Nilikuwa nimewafundisha watoto hatari ya kunywa dawa bila kuandikiwa na daktari. Lilikuwamo katika muhtasari.

Damu ilikoma yenyewe jioni ya siku ya pili. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba ndivyo inavyokuwa kwa wengi: katika kila watu wanne wanaotokwa na damu kutoka utumbo mpana, watatu au zaidi damu hukatika bila mkono wa mtu. Siku ya nne, utumbo ukiwa umekwisha kusafishwa, walipitisha kamera. Wakakuta vijifuko vingi vidogo vimetokeza nje ya ukuta wa utumbo, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyotokeza pale tairi linapochanika. Kando ya shingo ya kila kifuko hupita mshipa mwembamba wa damu, na mshipa huo ukilika na kupasuka, damu humwagikia ndani ya utumbo. Maumivu hakuna. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda kunywa chai. Ila ni kifuko kipi kilichovuja kati ya vyote vile, kamera haikuonyesha, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na kinachovuja.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo, maana vifuko hivi vina historia ya huku kwetu Afrika Mashariki. Alikuwapo daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 hadi miaka ya sitini, muda mwingi pale Mulago. Jina lake limebaki katika ile saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomshangaza: magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza, huku alikuwa hayaoni. Mwaka 1971, yeye na mwenzake Neil Painter waliandika kwamba vifuko vya utumbo mpana ni ugonjwa wa watu waliouacha unga usiokobolewa. Walifika hata kupima vinyesi kwa mizani. Mwanakijiji wa Uganda alitoa karibu nusu kilo kwa siku, na mvulana wa shule ya bweni ya Uingereza alitoa gramu mia moja na kidogo. Mimi niliyesimamia vyoo vya shule kwa miaka kumi na tisa nimecheka peke yangu nilipolisoma hilo. Wataalamu wa siku hizi hawakubaliani na Burkitt katika kila jambo, na suala la nyuzinyuzi wanaliona kuwa na utata kuliko alivyodhani yeye. Hata hivyo nikitazama meza yangu, mkate mweupe asubuhi na sembe mchana, nikakumbuka makande na loshoro nilivyolelewa navyo, naona mzee yule angenitumia kama mfano darasani.

Nirudi kwenye damu. Niliporuhusiwa kutoka hospitali nilipaswa kufurahi, na wenzangu walifurahi. Mimi nilikuwa namfikiria kaka yangu.

Kaka yangu alinitangulia kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka 1987 alitokwa na damu kama hivi hivi, bila maumivu, akapelekwa katika hospitali moja ambayo sina sababu ya kuitaja. Damu haikukoma. Walimwongezea hadi ndugu wote tuliokuwa na kundi lake tukawa tumetoa, na wengine tukataka kutoa tena tukakataliwa. Siku ya tatu mpasuaji alimfungua tumbo. Alikuta utumbo mpana umejaa damu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa nje wote unafanana. Hakuna alama inayosema ni hapa. Akachagua. Alikata sehemu ya upande wa kushoto, akaunga, akafunga. Usiku wa pili baada ya upasuaji damu ilianza tena, maana haikuwa inatoka kushoto. Kaka hakuwa na nguvu ya kufunguliwa mara ya pili. Alifariki akiwa na miaka 49.

Yule mpasuaji alitoka nje kuzungumza nasi. Akasema tulijaribu. Nami niliyekuwa na miaka 38, mwalimu mkuu kijana mwenye kujiona, nilimjibu mbele ya wazee kwamba mwanafunzi anayekisia jibu hapati maksi. Hakunijibu. Neno lile nililibeba kwa miaka thelathini na mitano nikiamini kwamba lilikuwa neno la haki.

Binti yetu anaishi Dar es Salaam, Kimara. Alisisitiza nikapumzike kwake ili awe ananitazama, nami mwezi Agosti nikapanda basi la alfajiri pale Arusha. Ni zaidi ya kilomita 600, kutwa nzima. Hii safari naitaja kwa sababu maisha yangu yaligeukia hapo. Siku ya tisa nikiwa Kimara damu ilirudi, saa nne usiku, nyingi kuliko ya kwanza, ingawa dawa zote mbili nilikwisha kuziacha. Wakanikimbiza Muhimbili. Ingenikuta Sakina, siwezi kusema ningeandika haya.

Kabla ya alfajiri walikuwa wamenipitisha katika kipimo cha CT kwa dawa ya rangi iliyochomwa mkononi. Dawa hiyo hujaza mishipa ya damu na kuifanya ionekane, na mahali penye tundu huchuruzika nje. Asubuhi daktari mmoja, kijana kwangu mimi, alikuja kitandani. Shikamoo mwalimu, akasema. Sijui nani alimwambia. Akanionyesha picha kwenye simu yake: doa jeupe, dogo kama punje ya mtama, upande wa kulia, kwenye ule utumbo mpana unaopanda. Akasema: hapa ndipo inapotoka.

Siwezi kueleza jinsi maneno hayo matatu yalivyonipata. Nilimwomba anirudishie picha nitazame tena.

Akaeleza njia zilizopo. Kamera isingefaa wakati damu inamwagika kiasi kile. Upasuaji uliwezekana, lakini kwa mzee aliyekwisha kupoteza damu mara mbili ulikuwa mzigo. Njia ya tatu ilikuwa kuingia kwa mrija mwembamba kupitia mshipa mkubwa wa kinena, kuufuata hadi karibu na lile doa, na kuziba kijishipa kinachovuja kutoka ndani. Hakuna kufungua tumbo. Nikauliza hatari zake, naye hakunificha. Huenda wakifika wasikute uvujaji. Huenda ukazibwa na bado damu ikarudi baada ya siku kadhaa. Dawa ya rangi inaweza kusumbua figo. Na hatari kubwa kuliko zote, kipande cha utumbo kinaweza kukosa damu kikafa, na hapo tumbo litafunguliwa kwa lazima.

Familia iligawanyika kwa simu. Mdogo wangu, aliyebaki Arusha, alisema wakate tu watoe hicho kitu kibaya. Mshipa ukizibwa ndani utajuaje kama umezibwa? Binti yangu alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua, na si kwa ujasiri wala elimu. Niliamua kwa sababu ya mfereji.

Sisi tuliozaliwa kwenye miteremko ya Mlima Meru tumelelewa na mifereji. Maji hushuka kutoka mlimani kwa mfereji mkubwa, yakagawanyika katika midogo, na hiyo ikagawanyika tena hadi kwenye migomba na mboga za kila boma, na kila mtu ana zamu yake. Nikiwa na miaka kama tisa baba alinituma kufunga maji yaliyokuwa yanapasua tuta la maharage yetu. Niliona uvivu kushuka hadi kwenye tuta lenyewe. Nikafunga kule juu, kwa mawe, udongo na shina la mgomba, nikaenda kucheza. Kweli, tuta letu lilipona. Lakini mboga za majirani wawili zilinyauka kwa jua la siku tatu, maana mfereji ule ulikuwa ndio pekee unaowafikia. Fimbo nilizopigwa naweza kuzihesabu hata leo. Baba alisema, akipumzika kati ya fimbo na fimbo, kwamba kufunga maji hata mjinga anajua. Shuka kwanza, ufunge pale panapovuja.

Nilipomsikia daktari akitaja utumbo kukosa damu na kufa, nilielewa mara moja anachokiogopa. Nikamuuliza: mtashuka hadi wapi kabla ya kufunga? Akanitazama kwa makini, kisha akasema: tutashuka hadi mwisho kabisa, mwalimu, hadi pale mrija utakapokataa. Nikatia sahihi.

Nilikuwa macho muda wote. Chumba kile kina baridi, na madaktari wamevaa aproni nzito zenye risasi za kukinga mionzi, kama wahunzi. Walinichoma sindano ya ganzi kwenye kinena, kisha nikahisi kusukumwa tu, si maumivu. Namna wanavyoingia ni werevu wa Mswidi mmoja, Sven-Ivar Seldinger, alioutangaza mwaka 1953, na mama yeyote anayeingiza mpira kwenye kiuno cha sketi ataufahamu. Sindano inatoboa mshipa. Ndani ya sindano unapitishwa waya laini. Sindano inatolewa, waya unabaki. Kisha mrija unavishwa juu ya waya na kusukumwa ndani, na waya huo ndio unaouongoza. Kabla ya hapo, ili mtu aingize mrija mnene kiasi hicho ilibidi achane mshipa au atumie sindano nene ya kutisha.

Kwenye kioo niliona mrija ukipanda kama mdudu mweusi, ukapita tumboni, ukapinda kuingia katika mshipa unaolisha utumbo mwembamba na upande wa kulia wa utumbo mpana. Waliniambia nibane pumzi. Dawa ya rangi ikaingia, nikahisi joto likisambaa tumboni kama nimemeza uji wa moto, na kwenye kioo ukachomoza mti mzima wa mishipa, matawi juu ya matawi. Na kwenye ncha ya tawi moja doa likaanza kutanuka taratibu, kama tone la wino juu ya karatasi ya kukaushia wino. Hiyo ilikuwa damu yangu ikitoka.

Mwaka 1963 Wamarekani wawili, Nusbaum na Baum, walionyesha kwa majaribio kwamba picha ya namna hii huweza kukamata hata uvujaji wa nusu mililita kwa dakika. Nimefanya hesabu hiyo: ni kama matone kumi kwa dakika, mililita 30 kwa saa, zaidi ya nusu lita kwa siku. Lakini lazima iwe inavuja wakati huo huo unapotazama. Ikikoma dakika kumi kabla, hakuna doa, na daktari anabaki na mti mzuri wenye matawi yote mazima. Kwa hiyo mgonjwa wa ugonjwa huu anatakiwa awe karibu na mashine wakati bado anatokwa na damu, na bado yu hai. Kilomita 600 haziruhusu hayo mawili kwa pamoja, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko ugonjwa wenyewe.

Waliokuwa wa kwanza kuziba mshipa unaovuja damu tumboni kwa njia hii walikuwa Josef Rösch, mtu aliyetoka Chekoslovakia, na Charles Dotter wa Oregon, Marekani. Walitangaza kazi yao mwaka 1972, na kitu walichozibia kilikuwa damu ya mgonjwa mwenyewe iliyogandishwa. Ila huyo alikuwa anavuja kwenye tumbo la chakula, ambalo hulishwa na mishipa kutoka pande nyingi. Ukifunga mfereji mmoja, maji yanakuja kwa mwingine. Utumbo mpana si hivyo. Vijishipa vyake vya mwisho husimama kila kimoja peke yake, na waliojaribu mapema, kwa mirija minene ya wakati ule, walilazimika kufunga mbali kule juu. Wagonjwa wengine damu ilikoma na utumbo ukaoza. Kwa miaka mingi madaktari wengi waliikwepa njia hii kwa utumbo wa chini, hadi ilipopatikana mirija myembamba isiyofika hata mililita moja ya unene, samahani, milimita moja. Mzee huchanganya vipimo. Mrija huo hupita ndani ya mrija mkubwa na kushuka hadi kwenye tawi la mwisho. Miaka ya tisini ndipo kazi hiyo ilipoanza kuaminika.

Sasa nifike kwenye jambo nililoliona mimi kama mwalimu, ambalo nadhani mgonjwa mwingine asingeliona.

Mikono iliyoshika mrija haikuwa ya yule daktari aliyenieleza asubuhi. Ilikuwa ya mwingine, kijana zaidi. Yule wa asubuhi alisimama nyuma yake hatua moja, mikono ameifunga kifuani. Hakugusa kitu. Mara kwa mara alisema neno moja, rudi, au taratibu, au hapo zungusha. Mara moja yule kijana aliingia katika tawi lisilo lenyewe, na mwenzake hakusema lolote. Alingoja. Kijana akatazama kioo, akaona mwenyewe, akarudi nyuma, akaingia katika tawi sahihi.

Niliposoma ualimu Marangu, mkufunzi wangu aliketi nyuma ya darasa hivyo hivyo wakati wa mazoezi ya kufundisha, daftari mapajani, na nilipokosea hesabu ubaoni alingoja nione mwenyewe. Nilitokwa na jasho hadi nikaona. Kwa hiyo nilijua ninachokitazama: nilikuwa darasa la mazoezi. Nakiri kwamba niliogopa. Mtu hapendi mfereji wake wa damu uwe ubao wa mwanafunzi. Lakini hofu ile haikudumu, maana niliona ukimya wa yule wa nyuma, na mwalimu asiyelijua somo lake hawezi kunyamaza namna ile.

Waliingiza koili mbili, nyuzi za platini zilizosokotwa ambazo hunyooka ndani ya mrija na kujikunja zinapotoka, zikakamatana na damu na kuganda. Ni ndogo kuliko kipande cha spiringi ya kalamu. Rangi ikapulizwa tena. Mti ulikuwa pale pale na matawi yake yote, isipokuwa ncha moja. Doa halikutokea. Mkubwa akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: sawa.

Nilinyoosha mguu saa sita bila kuukunja, na kwa siku nne walikuja kunibonyeza tumbo asubuhi na jioni wakitafuta maumivu. Hayakuja.

Baada ya kupona niliuliza kazi hii ilifikaje hapa. Inaitwa tiba radiolojia, na hadi mwaka 2018 hapakuwa na mafunzo yake nchini. Mwezi Oktoba mwaka huo ilikuja Muhimbili timu ya kwanza ya mpango uitwao Road2IR, ulioasisiwa miongoni mwa wengine na Dkt. Frank Minja, Mtanzania aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Yale, na Dkt. Fabian Laage Gaupp wa huko huko. Walikuja daktari, muuguzi na fundi wa mashine kwa pamoja, wakakaa wiki mbili, wakaondoka, wakaja wengine. Utaratibu wao ulikuwa kuja kufundisha, mikono ya wenyeji ikifanya kazi. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili katika fani hii. Nimeona misaada mingi katika shule zetu, vitabu visivyo na wa kuvifundisha, mashine za kuchapa zilizofunikwa vitambaa ofisini. Hawa walianza na chuo cha ualimu, kwa maana yake halisi, na ndiyo sababu mwaka 2022 mtu mmoja alikuwapo wa kusimama nyuma ya mwingine akiwa amefunga mikono.

Niliporudi Sakina nilikwenda kumsalimu shemeji yangu, mke wa marehemu kaka. Ana miaka themanini na kitu, macho yake hayaoni vizuri ila masikio yanasikia kila kitu. Nilimweleza yote, hata habari ya choo, nikimchorea kwa kidole juu ya kiganja chake mfereji mkubwa na midogo, na pale pa kulia palipozibwa. Nikamwambia pia kwamba nilimwonea yule mpasuaji wa mwaka 1987. Alikuwa anafunga maji usiku wa giza, bila taa, mafuriko yako kila mahali, na mtu mzima aliyesoma akamtukana kwa kutokuona. Nimeuliza habari zake. Amekwisha kufariki.

Shemeji alikaa kimya, kiganja chake bado kiko wazi. Kisha akauliza: Na yeye, baba wa watoto wangu, ilikuwa inatoka wapi?

Nikamwambia hakuna aliyeona, shemeji. Akaikunja mikono yake, akamwita mjukuu alete maziwa.